Mguu wa Baba Assia na Vidonge Vitano

Jumatatu, 18 Agosti

Daftari, salamu. Mi sijui kuandika kitu kingine ila barua, maana mwalimu alikuwa ametufikisha kwenye barua nilipotolewa shule nikalee wadogo zangu. Basi nakusalimia kama barua, usichukie. Baada ya salamu, hapa mtaani kwetu Buyenzi sote hatujambo. Idi mume wangu hajambo, isipokuwa mguu. Binti yetu Assia hajambo, kapita darasa, sasa ananisahihisha mpaka namna ninavyopokea simu. Mdogo wangu Saliha, anayempikia Madame mmoja kule Kinindo, hajambo, ananenepa kwa vya watu. Kuku wangu watatu hawajambo. Cherehani haijambo. Faridi, fundi anayeshona na Idi kwenye baraza moja, naye hajambo, kwa bahati mbaya.

Sasa mguu. Ni wa kulia. Ule wa pedali.

Leo asubuhi kiatu kimekataa. Si kiatu kipya, ni kile kile cha kila siku. Idi akachukua mkasi wa kazi akakipasua ubavuni. Mkasi wa kazi! Ule ambao mi nikikatia hata kamba ya mboga ananuna wiki nzima. Nimeshtuka kuliko kama angejikata mwenyewe.

Mwaka jana alisema ni joto. Mwezi uliopita alisema ni uchovu. Leo kasema lililo moyoni: amekanyaga kitu. Nani kakiweka? Faridi. Kwa nini? Kwa sababu shule ya masista imempa Idi sare zote arobaini na haikumpa Faridi hata soksi. Nikauliza ni kitu gani hicho alichokanyaga. Akasema kitu ni kitu, Mama Assia, usinihoji kama polisi.

Mi naogopa. Pedali haipigwi kwa mdomo. Mguu ule ukifa, cherehani imekufa, na Idi asiyeshona namjua. Tuliporudi kutoka Tanga alikaa miezi miwili bila kazi, akawa anatazama ukuta kama wengine wanavyotazama televisheni.

Kwa daktari haendi hata umfunge kamba. Lakini mke akiugua, anasindikiza.

Kesho naugua.

Jumanne, 19 Agosti

Nimeugua vizuri sana. Tumbo, kichwa na magoti, vyote kwa pamoja, ili asipate pa kubishia. Idi kaogopa, kaita tukutuku, bajaji ya hapa kwetu, kanishika mkono njia nzima. Roho iliniuma. Lakini si kiasi cha kupona.

Kwenye dispanseri tumepokewa na Dokta Orlane. Msichana wa miwani, ukimweka na Assia hutajua nani ana mtihani. Kanipima, kasema mama hauna kitu. Nikasema alhamdulillahi, basi kwa kuwa tuko hapa, tazama na mguu wa mzee. Idi akanigeukia. Miaka kumi na tisa ya ndoa, jicho lile sikuwahi kuliona.

Dokta hakushangaa mguu. Kauliza tuliishi wapi. Tanga, miaka tisa, tumerudi huu mwaka wa nne. Kamchoma Idi kidole, tone la damu kwenye kikaratasi, tungoje dakika kumi. Mistari miwili ikatokea. Mistari miwili mi naijua kwa mimba tu. Nikauliza, Dokta, mume wangu ana nini tumboni?

Si tumboni. Ni minyoo ya mbu! Mbu wa kule alimwuma Idi akamwachia watoto wa minyoo, wakakua ndani kwa ndani, wembamba kama uzi wa kushonea, wakajikunja kwenye mishipa inayopitisha maji ya mwili. Wameziba. Maji hayana pa kupita, mguu unavimba. Dokta akalitaja jina lenyewe: matende. Idi akasema matende ni ya watu wa pwani, yeye ni wa Buyenzi, na babu yake ni wa Buyenzi. Dokta akajibu polepole kwamba mbu hakumwomba kitambulisho.

Akasema bado ni mapema. Akimeza dawa sasa, akauosha mguu kila siku kwa sabuni, unaweza kusimama hapo ulipo, hata kupungua. Akichelewa ngozi inakuwa ngumu kama ya tembo, na hapo hakuna kidonge cha kuirudisha. Nayaandika tena niyaone: HAKUNA KIDONGE CHA KUIRUDISHA.

Vidonge ni vitano, kimoja kikubwa na vinne vidogo. Alitaka Idi avimeze mbele yake, lakini awe ameshiba, na Idi alikuwa hajala. Foleni ilikuwa imefika barabarani. Nikaapa kwa Mungu kwamba atavimeza nyumbani baada ya wali. Dokta akasita. Kisha akanipa. Nimevifunga kwenye pindo la kitenge, mafundo mawili.

Jumatano, 20 Agosti

Hajameza.

Sababu zake. Moja, mguu wa miaka miwili hauwezi kupona kwa vidonge vya dakika moja, angepewa gunia angefikiri. Mbili, msichana yule hana hata unywele mweupe. Tatu, minyoo yenyewe hajaiona, aonyeshwe mmoja tu. Halafu karudi kwa Faridi, kamalizia kwa Faridi.

Nimebembeleza. Nimelia kweli. Halafu nimelia kwa makusudi. Wapi.

Nimempigia Saliha simu. Kacheka kwanza, ndiyo tabia yake, kisha kanieleza jambo lililonikalisha chini. Yule Madame wa Kinindo ana mbwa. Mbwa anapewa kidonge kila mwezi kwa ajili ya minyoo ya mbu. Kwa mbwa minyoo ile inakwenda moyoni. Moyoni! Mbu hawa hawa wanaoniimbia mi sikioni? Tena Saliha anasema mbwa naye hapendi dawa, anaitema kama mtu mzima. Basi Madame anaifunga ndani ya nyama ya kusaga, mbwa anaimeza na mkia unamshukuru.

Nikamwambia Saliha we unamlinganisha shemeji yako na mbwa, mnyama najisi?

"Apana dada," akasema. "Mbwa hana kichwa kigumu hivyo."

Nimemkatia simu. Nimechukia kwelikweli.

Nyama ya kusaga, nusu kilo. Kitunguu saumu. Giligilani.

Alhamisi, 21 Agosti

Leo mwandiko umepinda, Daftari, usome hivyo hivyo.

Asubuhi nimevisaga vidonge vitano kwenye kinu cha saumu. Nimeonja unga kwa ncha ya ulimi. Nimetubu. Nikaongeza saumu, pilipili, chumvi, nikautia wote kwenye kababu moja. Sasa nitaijuaje isichanganyike na nyingine? Nikaifanya kubwa. Ndogo tisa, na moja kubwa kama yai la bata. Kubwa ni ya baba, nani atabisha? Nilijipongeza. Niliimba.

Sinia likawekwa mkekani. Idi kanawa, kasema Bismillahi. Hodi mlangoni. Faridi! Kaleta zipu za sketi, Idi alikuwa amemwagiza kabla hajamfanya mchawi. Mtu akikuta mnakula, awe adui, awe nani, anakaribishwa anawe. Na mgeni hajichukulii kitoweo. Mwenye nyumba anamwekea mbele yake, tena anamchagulia kilicho bora. Hii adabu naijua. Assia nimemfundisha kwa kumfinya. Sasa nilipokuwa naiviringa kababu ile, adabu hii ilikuwa wapi kichwani mwangu?

Idi alitaka Faridi aone kwamba nyumba hii haiogopi mtu. Kanyosha mkono. Kubwa. Kaiweka mbele ya Faridi.

Nikasema hiyo imeungua. Idi akasema haijaungua. Nikasema ina mfupa. Idi akasema tangu lini nyama ya kusaga ina mfupa. Nikanyosha mkono niinyakue, mi mwanamke mzima, mbele ya mgeni, na Idi akanishika kiganja. Assia alitazama chini kwa aibu.

"Shemeji, usinionee huruma," Faridi akasema. "Meno yangu bado yapo."

Kaila yote. Kalamba na vidole. Kasema viungo vimekolea, kuna kitu cha Kihindi humo ndani.

Vyote vitano.

Ijumaa, 22 Agosti

Tangu alfajiri nimemtuma Assia mara nne kutazama kama Faridi anapumua. Mara tatu karudi kusema anapumua. Mara ya nne kakasirika: watu wa barazani wameanza kusema binti wa Idi anamzungukia mzee Faridi. Msiba juu ya msiba.

Adhuhuri Faridi hakuonekana msikitini. Idi karudi na habari kwamba ni tumbo, linanguruma mpaka jirani anasikia. Niliangusha sufuria ya maharage. Idi kasema nisijali, maharage si kitu. Angejua.

Nimeomba dua. Ya Rabi, mwache hai, nami sitamsema Faridi mpaka Ramadhani. Nikafikiri, Ramadhani ni mbali. Nikaomba tena: mpaka mwisho wa mwezi.

Jumamosi, 23 Agosti

Yu hai!

Katoa mnyoo. Si siri yangu hii, kaitangaza mwenyewe barazani kote. Santimita ishirini na sita. Najua kwa sababu kaupima na utepe wa kupimia nguo, ule ule anaowazungushia wateja kiunoni. Mama mmoja aliyekuja kupimwa gauni kaondoka bila kuaga.

Uso wa Faridi ulikuwa kama unga wa muhogo. Anasema hajawahi kuona kitu kama hicho maishani, na kimemtoka siku mbili tu baada ya kula kwa Idi. Basi Idi ndiye kamtengeneza kwa uchawi. Kahamisha cherehani yake mpaka mwisho wa baraza, huko kwa fundi wa redio, na akipita mbele ya Idi anapita ubavu.

Nilingoja Idi arudi na hasira. Karudi amenyooka, mabega juu.

"Mama Assia," akasema, "kumbe na mi nina kitu."

Anafikiri ni dua yake. Siku tatu alikuwa anamwombea Faridi mabaya kimoyomoyo, sasa kaona jibu. Anatembea uani kama meya, isipokuwa anachechemea. Ningemwambia ukweli. Mdomo nilishaufungua. Nikamkumbuka mbwa wa Kinindo, nikaufunga.

Mguu jioni hii umezidi. Alama ya kamba ya kandambili imebaki kwenye nyama kama kidole kwenye ugali.

Jumatatu, 25 Agosti

Mpango: kupata vidonge vingine. Nimekwenda peke yangu, Idi nimemwambia naenda sokoni. Njiani nimetunga. Nilipofika nikamwambia Dokta Orlane kwamba vidonge vilidondoka uani na kuku akavila.

Kauliza kuku yuko wapi sasa. Nikasema nyumbani. Kauliza, mzima? Mzima. Anataga? Anataga.

"Basi kuku hatakuwa na matende," akasema. Hakucheka. "Mama, vidonge viko wapi?"

Nikalia. Nikasema yote, kinu, kababu, Faridi, utepe, santimita. Kavua miwani, kaifuta. Sijui alizuia kicheko au hasira, labda vyote. Halafu kaongea kwa sauti ya chini, na ile ndiyo iliyonitisha. Faridi ana umri gani? Anaugua nini? Anatumia dawa gani? Alipata homa, macho yalimwuma? Mi sijui. Ndiyo maana, akasema, tunapima na kuuliza kwanza, kuna watu ambao dawa hizi zinaweza kuwadhuru vibaya. Nilicheza na roho ya mtu kwa nyama ya kusaga. Nilimwona Faridi amefunikwa sanda na Idi amebeba jeneza upande wa mbele.

Kuhusu ule mnyoo, kasema ni wa tumbo, wa kawaida, kimoja kati ya vile vidonge kinaufukuza. Wa mguu ni wengine, wanafia humo humo ndani, hutawaona. Faridi aje atazamwe. Na vidonge vya Idi? Dokta kasema mara ya kwanza kosa lilikuwa lake mwenyewe, kuviacha vitoke mlangoni. Sasa mzee aje kwa miguu yake, ameze Dokta akimtazama.

Kwa miguu yake. Ndilo tatizo lenyewe, Dokta.

Jumanne, 26 Agosti

Mguu umewaka. Mwekundu kutoka kifundoni mpaka chini ya goti, ukiweka mkono unauondoa. Homa. Idi anatetemeka chini ya blanketi mbili kwenye jua la Agosti. Kabla ya hapo alijikokota mpaka kwenye cherehani, kaweka mguu kwenye pedali, kautoa kama amekanyaga jiko. Sare ishirini na moja bado ni vitambaa.

Kageukia ukutani.

"Mwanne," akasema. "Wakiukata mguu, cherehani mpe Assia."

Hajaniita jina langu tangu harusi. Mi ni Mama Assia, au we, au huyu. Nikatoka nje mbio hata kilemba sijafunga vizuri. Tukutuku hakuna. Assia yuko kwa rafiki yake. Kidume cha kumbeba Idi barazani ni kimoja tu, na kiko mwisho, kwa fundi wa redio.

Nikamwambia Faridi ukweli wote pale pale, fundi wa redio akisikia na redio imezimwa. Nikasema ni dawa, ilikuwa ya Idi, niliisaga mi mwenyewe, hakuna aliyekutengeneza, nisamehe shemeji, njoo, anakufa. Nilitegemea anitukane. Kakaa kwenye kibao. Kauliza, kwa hiyo si uchawi? Si uchawi. Akajishika kichwa. Siku nne hizo alikuwa anasoma aya mpaka sauti imemkauka.

Kamchukua Idi mgongoni. Idi kauliza huyu anafanya nini humu, lakini nguvu za kushuka hakuwa nazo. Basi njiani nikamweleza na yeye, mi nikiwa nyuma nimeshika kandambili zake. Ya mbwa nilimficha. Idi alimjibu Faridi tu, aliyekuwa analalamika uzito, kwamba kama amechoka amshushe, hakuna aliyemwita. Faridi akasema anyamaze, ampunguzie kilo za maneno. Hivyo mpaka dispanseri.

Dokta Orlane kapiga magoti. Daftari, kapiga magoti chini, na koti lake jeupe, kauosha mguu wa mume wangu kwa maji na sabuni, kidole kwa kidole, kaukausha kwa kitambaa laini kama anakausha mtoto. Kati ya vidole kulikuwa na mpasuko mdogo. Kaonyesha: uchafu unaingilia hapa, mguu uliokwisha kujaa maji hauna nguvu ya kuukataa, ndiyo moto huu. Idi alikuwa anatazama dari. Kidevu kilimcheza. Mguu ule hakuna mtu aliyeugusa miaka miwili, hata mi alinizuia.

Kapewa dawa za homa na za kidonda. Vile vitano homa ikiisha. Jumamosi.

Jumamosi, 30 Agosti

Homa imeisha tangu juzi. Leo tumekwenda wanne, Idi na fimbo, mi, Assia wa kutusomea karatasi, na Faridi aliyeitwa kutazamwa. Faridi kaonekana mzima. Dokta kamwuliza maswali, kayajibu kwa kujivuna, na santimita kazitaja bila kuulizwa.

Kisha zamu ya Idi. Wali na maharage alikula, nilimsimamia. Kapimwa, kaulizwa. Vidonge vitano kwenye kiganja, kikombe cha maji mkono wa pili. Kavitazama. Kanitazama. Akaanza kusema labda wiki ijayo, sare zikiisha, maana amesikia vinaleta homa na shule zinafunguliwa na masista hawangoji.

Nilitaka kupiga kelele lakini Assia alikuwa amenishika kitenge.

Faridi akanyosha mkono.

"Dokta, kama hataki, nipe mi. Tumbo langu limenyamaza mara ya kwanza tangu nioe. Mi najua kazi yake."

Idi akafunga ngumi.

"Vyangu ulishakula mara moja," akasema.

Akavitupa mdomoni vyote. Kile kikubwa kakitafuna, uso umekunjana, huku anamtazama Faridi tu. Akanywa maji. Dokta akamwambia afungue mdomo, ainue ulimi. Hakuna kitu! Nikalia kwenye bega lililo karibu. Lilikuwa la Faridi. Nikahama.

Jumapili, 31 Agosti

Nimemwua mume wangu.

Tangu asubuhi homa imerudi, kichwa, mwili unamwasha anajikuna kwa rula ya kazi. Paja limetoa uvimbe kama kamba chini ya ngozi. Nikampigia Dokta Orlane, alikuwa kanisani, nasikia kwaya nyuma yake. Nikamwambia Dokta, tunazika saa ngapi.

Kauliza anapumua vizuri? Anapumua. Amezimia? Hapana, ananuna. Basi kasema tutulie. Minyoo inakufa, na ikifa mwili unaisikia. Maji mengi, kile kidonge cha homa, siku mbili tatu itapita. Akizidiwa pumzi au akianguka, tumlete hata kwaya ikiwa inaimba. Nikamwekea Idi simu sikioni asikie mwenyewe. Aliposikia neno wanakufa kaacha kujikuna. Kauliza ni wangapi. Dokta kasema haiwezekani kuhesabu. Idi kasema akadirie tu.

Mchana kutwa anatabasamu na homa yake. Kila akiwashwa anasema, na huyo.

Jumamosi, 6 Septemba

Nimeamshwa na cherehani.

Nimelala pale pale, sikutikisika, nikasikiliza. Trrr, kimya, trrr. Pedali. Mguu wa kulia. Kitanda kilikuwa na joto lake bado.

Mguu haujawa kama mwenzake, na Dokta kasema huenda usiwe, na minyoo ile mikubwa labda haijaisha, mwakani atapimwa tena. Lakini umepungua kidogo, kidole ukibonyeza hakizami kama zamani, na ngozi imelainika. Anauosha mwenyewe kila jioni, beseni lake, sabuni yake, taulo yake, ole wako uiguse. Anauinua juu ya mto. Bibi harusi hajatunzwa hivyo. Faridi kairudisha cherehani mahali pake, na zile sare kamsaidia kumi na moja. Wanagombana kuhusu vifungo tangu saa moja asubuhi. Raha tupu.

Majirani wote nimewaeleza namna nilivyomponya. Assia anasema mi sijamponya, nilimlisha Faridi. Mtoto huyu shule imemharibu.

Jumatatu, 8 Septemba

Sijui niandikeje.

Dokta Orlane kaomba nyumba nzima ije, maana wote tuliishi Tanga. Nikaenda nimevaa vizuri, mi nikiwa kama mwenyeji pale, nikawaonyesha wagonjwa wengine pa kukaa. Assia kachomwa kidole. Mstari mmoja. Alhamdulillahi.

Mi nikachomwa. Dakika kumi. Mistari miwili.

Mi! Nikamwambia Dokta kikaratasi hiki ni kibovu, lete kingine. Kaleta kingine. Miwili.

Nikavua kandambili, nikapandisha gauni mpaka magotini, nikamwonyesha. Miguu myembamba kama ya kuku, yote miwili sawa. Kasema ndiyo bahati yangu, minyoo inaweza kukaa miaka bila kuonekana, na huu ndio wakati mzuri wa kuimaliza, kabla haijaharibu kitu. Alhamisi asubuhi. Nishibe. Nimeze mbele yake.

Idi alikuwa amesimama mlangoni. Kanishika mkono njia nzima, kama ile siku ya tukutuku.

Jumanne, 9 Septemba

Nimefikiri vizuri, na kichwa kimetulia.

Dawa ile ni ya watu wenye mguu. Mi mguu sina. Maana ninayo, lakini si ya namna ile. Pili, Idi alipata homa siku tatu, nani atapika mi nikilala siku tatu? Tatu, msichana yule ni mzuri, namwombea mume mwema, lakini ni mdogo, na vikaratasi vyake vinaweza kuwa vimepigwa jua. Na minyoo yenyewe nani kaiona? Idi anasema Alhamisi tunakwenda pamoja, hashoni siku hiyo, na Faridi naye anakuja. Sijui wanaume wamepata wapi ukaidi huu.

Ukurasa huu nauchana, Daftari, nisamehe. Simu siwezi, Idi anasikiliza kila ninapoongea. Namtuma Jovithe muuza mboga, anapita Kinindo.

Mdogo wangu Saliha. Salamu nyingi, pokea. Sote hatujambo, Idi anashona, Assia anasahihisha, kuku wanataga. Nakuomba uugue tangu kesho mpaka Alhamisi. Ugua kitu kikubwa lakini kisicho cha dispanseri, kiuno ni kizuri, na useme huwezi kusimama jikoni, dada yako aje tangu Jumatano jioni. Mwite Idi mwenyewe kwenye simu, ulie kidogo. Usinicheke. Saliha, leo ni Jumanne. Ukipata karatasi hii nijibu haraka, hapo hapo, kabla Jovithe hajageuza kikapu kurudi huku.